Utalii wa ikolojia Jozani

Utalii wa ikolojia Jozani ni shughuli za kitalii zinazofanyika katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja (Zanzibar, Tanzania), pamoja na vijiji vinavyoizunguka, kama vile Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni na Chwaka. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2004 na ina eneo la takriban kilomita za mraba 50. Wageni wengi huja kumwona kima punju (Piliocolobus kirkii), kima mwekundu anayepatikana Zanzibar pekee.

Kwa wakulima wa jirani kima huyo alikuwa kwanza hasara. Makundi yake hutoka msituni na kula majani machanga na nazi changa mashambani, na sheria inakataza kumwua. Tena watalii humwona kwa karibu zaidi katika mashamba hayo ya watu kuliko ndani ya msitu wenyewe. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1990, sehemu ya mapato ya viingilio imekuwa ikigawiwa: fungu moja kwa wakulima ambao kima hula mashambani mwao, jingine kwa maendeleo ya vijiji.

Ukubwa wa hasara yenyewe umebishaniwa. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, katika makala ya mwaka 1999, walionyesha kwamba mahali kima walipokula nazi changa nyingi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yaliongezeka. Huenda ni kwa sababu minazi hupukutisha nazi changa nyingi hata zisipoliwa. Hata hivyo nazi si zao pekee la mkulima.

Huko Pete, njia ya mbao iliyojengwa kati ya mikoko huwavutia wageni pia. Barabara kuu inayopita kando ya msitu iliwekewa matuta, na vifo vya kima waliokuwa wakigongwa na magari vikapungua.

Faida haiwafikii wote sawasawa. Makatazo ya kukata kuni, kuchoma makaa na kukata boriti za mikoko huvigusa vijiji vyote, lakini kazi za kuongoza wageni na biashara ndogondogo ziko zaidi karibu na lango. Charawe na Ukongoroni viko mbali nalo, na wageni wengi hukaa Jozani saa chache tu kisha hurudi hotelini ufukweni.