Simu ya Upepo na Hesabu ya Upepo

Nahodha wa pwani yetu aonapo upepo umezidi, hupunguza tanga au hulitua kabisa. Mnara hauna tanga la kutua. Ukisha kusimamishwa na kupachikwa antena zake, hukabili kila upepo uvumao, mkubwa kwa mdogo, usiku na mchana. Kwa hivyo hapana budi nguvu za upepo zijulikane kabla ya chuma cha kwanza kusimama. Zamani mawasiliano yasiyo na waya yaliitwa simu ya upepo. Na kwa kweli habari za minara yake ni habari za watu waliojaribu kuupima upepo, wakakosea, wakajisahihisha.

Katika mwaka 1759 mhandisi Mwingereza, John Smeaton, alitangaza jedwali la mwendo wa upepo na nguvu zake. Kanuni iliyokuwamo ni ya kweli hata leo: nguvu huongezeka kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Lakini kujua kanuni ni jambo moja, na kuitumia ni jambo jingine. Usiku wa tarehe 28 Desemba, 1879, daraja la mto Tay katika Scotland lilianguka katika tufani pamoja na gari la moshi lililokuwa likipita juu yake, na hakuna abiria aliyeokoka. Baraza la uchunguzi lilipomhoji Thomas Bouch, aliyelibuni, ilidhihirika kuwa hakuweka katika hesabu yake fungu maalumu kwa ajili ya upepo.

Msiba huo uliwafunza wajenzi hofu yenye manufaa. Gustave Eiffel, alipojenga mnara wake wa mita 300 mjini Paris, uliokwisha mwaka 1889, aliufanyia hesabu mbili. Katika ya kwanza alidhani upepo unakandamiza kilo 300 katika kila mita ya mraba, toka chini hata juu. Katika ya pili alianza na kilo 200 chini, akafikia kilo 400 kileleni, kwa kuwa upepo wa juu una nguvu kuliko wa chini. Hata hivyo hakuridhika na kudhani. Toka mwaka 1903 hata 1905 aliangusha vibao vya maumbo mbalimbali kutoka orofa ya pili ya mnara, akapima jinsi hewa ilivyovizuia. Akaona kwamba kipimo kilichoaminiwa tangu siku za Smeaton kilikuwa kikubwa kupita haki. Mnara wenyewe ulikuwa umepewa ruhusa ya miaka 20 tu. Ulinusurika kubomolewa kwa sababu simu ya upepo ilihitaji urefu wake. Chombo cha kuupima upepo kikawa nguzo ya antena.

Hesabu ya antena leo hutokana na juhudi hizo. Upepo wa mita 40 kwa sekunde hukandamiza kadiri ya kilo 100 katika kila mita ya mraba. Sahani bapa yenye upana wa mita 2 ina eneo la mita za mraba 3.14. Umbo lake huongeza nguvu hiyo kwa kadiri ya sehemu moja katika tano, basi jumla ni kilo 375 hivi. Bomba la mviringo la eneo hilohilo lingepata pungufu. Lakini sahani ikiwa mita 50 juu ya ardhi, urefu wote huo huwa wenzo unaong'oa msingi. Ndiyo maana mnara uliosimama salama kwa miaka mingi waweza kuhatirika kwa kuongezewa sahani mbili tatu ambazo hakuna aliyezihesabu.

Je, hesabu hiyo yatosha? Katika Emley Moor, Uingereza, palikuwa na mlingoti wa televisheni wa mita 386, umbo lake mviringo, umeshikwa kwa kamba za chuma. Tarehe 19 Machi, 1969, ulianguka, na kwa bahati njema hakufa mtu. Siku hiyo hapakuwa na tufani. Barafu nzito ilikuwa imeganda juu ya kamba, na upepo wa kadiri ulivuma pasipo kubadilika. Hewa ipitapo kando ya nguzo ya mviringo huacha nyuma yake vizingia, kimoja kuume, kimoja kushoto, kwa zamu. Zamu hizo zilipolingana na mtikisiko wa mlingoti wenyewe, zikawa kama mkono unaosukuma pembea kwa wakati wake. Hesabu ya tufani iliulizwa nguvu ya upepo mkali. Haikuulizwa saburi ya upepo mpole.

Shauri hilo lilifika mpaka Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo. Mwaka 1980 iliamuliwa kuwa kuacha kufikiri barafu na vizingia kwa pamoja kulikuwa uzembe, ijapokuwa mlingoti ulikuwa wa namna mpya. Hukumu hiyo yaonekana kali, lakini ni ya haki. Bouch hakuuhesabu upepo; wabunifu wa Emley Moor waliuhesabu, ila kwa sura moja. Hesabu hujibu lile iliyoulizwa, wala haina ulimi wa kutukumbusha tulilosahau kuuliza. Kuuliza ni amana ya mhandisi, na wakaao chini ya mnara hawana njia ya kuuliza kwa niaba yake.