Kasongo na Kabambare: Redio Iliyoishinda Noti

Tangu UNESCO ilipoitenga Siku ya Redio Duniani mwaka 2011, kila tarehe 13 Februari hotuba husomwa kuwasifu watangazaji na vituo vyao. Chombo chenyewe hakina wa kukisemea. Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema huko Kongo, ambako nyumba nyingi hazijawahi kuvutiwa waya wa umeme, muziki umeingia majumbani kwa kubebwa: mkononi, begani, kwenye keria ya baiskeli. Na kila kizazi kimeulipia mara mbili, bei ya kununua chombo na bei ya kukilisha.

Gramafoni ya sanduku haikuwa mlaji mkubwa. Iliendeshwa na springi iliyokazwa kwa mkono, ila sindano zake za chuma zilitakiwa kubadilishwa karibu kila upande wa santuri. Kwa wasemaji wa Kiswahili zilikuwepo santuri za Siti binti Saad, aliyepelekwa Bombay kurekodiwa mwaka 1928, na baada ya 1948 zikaja za lebo ya Ngoma kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Pesa ya kununulia ndiyo iliyokuwa taabu. Pamba ya lazima, ambayo Wabelgiji waliianzisha Kongo kuanzia hapahapa Maniema wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilimwachia mkulima makovu mengi na senti chache.

Hesabu ya betri ilianza kwa majirani. Mwaka 1949 Harry Franklin, afisa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, baada ya kuzisihi kampuni za Uingereza kwa muda mrefu, aliifanya Ever Ready ikubali kutengeneza redio ya bei ndogo kwa wasikilizaji wa Kiafrika. Ilikuwa ya duara, imevikwa bati la sufuria, na jina lake likawa hilohilo, Saucepan Special. Bei yake pauni 5. Betri yake shilingi 25, ikidumu saa 300 hivi. Kwa kuwa pauni ilikuwa shilingi 20, betri nne zilitosha kununua redio nyingine. Msikilizaji wa saa tatu kwa siku aliinunua redio yake upya kila mwaka na kitu kidogo, asijue.

Transista zikaja miaka ya 1950, kaseti ya Philips ikafuata mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1970 mfalme alikuwa radio-kaseti, lile pande la mtu lenye spika mbili na tundu la mawe, yaani betri, sita makubwa. Mota ya kaseti hula mawe kuliko redio tupu, ndiyo maana kaseti ilitunzwa kwa ajili ya arusi, na ili kuirudisha nyuma ilizungushwa kwa kalamu. Mawe yaliyochoka yalianikwa juani, maana joto huyaamsha kidogo, au yalipangwa mengine mazee nyuma yake ndani ya mwanzi, yakaunganishwa kwa waya.

Mwaka 1979 una mambo mawili ambayo napenda kuyaweka pamoja. Tarehe 1 Julai, huko Japani, Sony iliitoa Walkman kwa yen 33,000, chombo cha kumsikilizisha mtu mmoja peke yake. Kwetu thamani ya radio-kaseti ilipimwa kwa idadi ya masikio: mawe sita yaliyochezesha ua mzima hayakuwa ghali. Jambo la pili lilitokea Krismasi, na hapa namfuata Crawford Young na mwenzake Thomas Turner, ambao kitabu chao cha 1985, The Rise and Decline of the Zairian State, bado ni hazina kwa anayetaka kuielewa miaka ile.

Tarehe 25 Desemba serikali ya Rais Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10, sarafu ya nchi enzi hizo, kubwa kuliko zote wakati huo, zimekufa. Mipaka ilifungwa, siku za kubadilisha zikawa chache, na kila mtu akawekewa kikomo. Wakubwa wa mjini walikuwa na benki na marafiki ndani ya benki. Mkulima wa Kabambare alikuwa na noti zake ndani ya kopo, na baiskeli, na barabara ya mvua za Desemba. Habari kama hiyo mwenye redio huipata siku ileile. Asiye nayo huisubiri ifike kwa miguu. Noti zikabaki karatasi mikononi mwa waliozitolea jasho, ilhali jirani aliyebezwa kwa kutupa pesa ya mavuno kwenye radio-kaseti aliamka na mali yake nzima.

Tangu hapo nani angeweka noti? Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa dola 2 za Marekani. Mwaka 1993, zaire milioni 3 zilifanywa zaire mpya moja. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zikafanywa faranga moja ya Kongo. Piga hesabu: faranga moja ni zaire za zamani bilioni 300. Kwenye kichekesho hicho cha serikali, radio-kaseti ya Sanyo iliyokwanguka rangi ilikuwa akiba yenye heshima kuliko hazina ya taifa. Wanaoiita ile tabia ya kununua redio kabla ya mabati upuuzi wa mwanakijiji hawakuwahi kubeba kopo la noti zilizokufa.

iPod ilipotangazwa Oktoba 2001 kwa dola 399, Kasongo ilikuwa chini ya waasi wa RCD. Radio Okapi, kituo cha Umoja wa Mataifa, ilianza kutangaza Februari 2002. Vita vilipora vyombo vingi, na kaseti zilizorekodi sauti za wazee kwenye arusi na matanga zinaliwa na ukungu bila ofisi yoyote ya utamaduni kuona haya.

Siku hizi muziki hukaa kwenye kadi ndogo, hujazwa na kijana mwenye kompyuta na paneli ya jua kwa faranga kadhaa. Redio nyingi za Kichina hutumia betri ya BL-5C, ileile ya simu ndogo za Nokia, na penye betri moja tu nyumbani, ikichomekwa kwenye redio simu imezimika: mama anasubiri habari ya mwanawe aliye kwenye machimbo ya Namoya, watoto wanataka rumba.