Jaribio la Mtutu na Jinsi Linavyotanguka

Mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza proof kwenye maandishi ya bunduki za kale hushika njia ya mkato: anaandika "uthibitisho" na kuendelea na safari yake. Sentensi inasomeka vizuri, hakuna anayelalamika. Lakini msomaji akiwa ni mtu anayejiandaa kununua bunduki ya marisau ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Birmingham miaka ya 1890, na tena ananuia kuipiga, tafsiri hiyo yaweza kumgharimu vidole vya mkono unaoshika mitutu.

Tuanze na kinachofanyika. London ina chama cha mafundi wa bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637, na nyumba yake ya kazi iko Commercial Road tangu 1675. Birmingham ilipata ya kwake kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Huko bunduki hufungwa mahali salama, hutiwa shehena kubwa kuliko ile itakayokutana nayo kwa mwindaji, kisha hupigwa bila mtu kuwa karibu. Kwa bunduki ya namba 12 ya siku hizi, risasi ya kawaida haipaswi kupita msukumo wa bar 740; ile ya nyumba hiyo hufika 960. Mtutu ukivimba au kupasuka, safari imeishia hapo. Ukitoka mzima, hugongwa mhuri.

Kwa hiyo kilichotokea ni jaribio. Wafaransa wanaliita hivyo hivyo, épreuve, na Wajerumani wanasema Beschuss, neno linalobeba mlio wenyewe wa kupigwa. Kiingereza cha zamani nacho kilikuwa na maana hiyo, ila maana ya ushahidi ndiyo iliyokuja kuzoeleka, na sisi tukaidaka hiyo. "Uthibitisho" na "ithibati" humwambia msomaji kwamba bunduki imethibitishwa, basi, yamekwisha. "Jaribio" linamwachia maswali anayopaswa kuyauliza: lilifanyika lini, kwa baruti gani, na mtutu ulikuwa na unene gani siku hiyo? Ndiyo maana napendekeza jaribio la mtutu, mhuri wa jaribio, na Nyumba ya Jaribio.

Mhuri haukai juu, kwenye nakshi za ndege na majani zinazompumbaza mnunuzi mgeni. Hakikisha kwanza kwamba chemba zote mbili, pale ganda la risasi linapokaa, ni tupu. Ng'oa mbao ya mbele, ikunje bunduki, itenganishe mitutu na kitako, kisha igeuze mitutu chali. Kwenye bapa zilizo chini ya chemba utaona vialama vidogo vimesongamana: taji, herufi, tarakimu. Maneno NITRO PROOF yalianza kuonekana mwaka 1896, na maana yake ni kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Bunduki isiyo na alama ya namna hiyo ilijaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake, na baruti nyeusi ndiyo haki yake. Pengine utakuta herufi ELG ndani ya duara refu. Hiyo si ya Uingereza. Ni ya Liège, Ubelgiji.

Tarakimu zinahitaji subira. Namba 12 inatokana na mizani ya kale: ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, ikigawanywa kuwa vigololi 12 vinavyolingana, kipenyo cha kila kimoja ndicho kipenyo cha mtutu, inchi 0.729. Namba 13 ni nyembamba zaidi, inchi 0.710. Nyumba ya Jaribio iliona hatua hiyo ni pana mno, ikaongeza 13/1, inchi 0.719. Ndiyo sababu bunduki inayouzwa kama ya namba 12 yaweza kuwa na 13 au 13/1 chini yake, na hakuna aliyekudanganya. Kipimo hicho huchukuliwa inchi tisa kutoka nyuma ya mtutu.

Hapa ndipo istilahi ya pili inapozaliwa. Mtutu ukipata kutu ndani, fundi huusugua. Miaka 30 baadaye mwingine anausugua tena. Kila msuguo unakula ukuta. Kipenyo kikizidi kile kilichogongwa kwa inchi 0.010, Waingereza husema bunduki imetoka nje ya jaribio. Kiswahili hakihitaji kuazima msemo huo, maana tunacho kitenzi: jaribio limetanguka. Ni kama udhu. Mtu alitawadha kweli, hakuna anayebisha, lakini limetokea jambo na sasa hana udhu. Mhuri nao unabaki palepale kwenye chuma, unasomeka vizuri, ila hauna nguvu tena. Kurefusha chemba pia hutangua jaribio.

Na chemba ndiyo mtego wa wanaoanza. Bunduki nyingi za Kiingereza za enzi hiyo zina chemba ya inchi 2½, milimita 65. Risasi nyingi za dukani leo ni za milimita 70, na huingia bila kikwazo, kwa sababu urefu huo ni wa ganda lililokwisha kupigwa na kufunguka. Likiwa limekunjwa mdomo ni fupi zaidi. Baruti inapowaka, mdomo wa ganda unafunguka pale mtutu unapoanza kujibana, marisau yanakosa nafasi, na msukumo unapanda. Kuingia si kufaa. Marisau ya chuma kigumu usiyajaribu kabisa kwenye mitutu hii. Tumia ya risasi, na shehena nyepesi.

Kuhusu mitutu ya Dameski, ile ya chuma na pua iliyosokotwa na kufuliwa ikatoa michoro kama mawimbi, watu wamejigawa makundi mawili, na nadhani yote yanakosea. Si kweli kwamba mitutu hiyo yote ni mabomu. Ipo iliyofaulu jaribio la baruti isiyo na moshi. Wala uzuri wa michoro si kinga. Kinachoamua ni unene: mafundi wengi wa Uingereza hawapendi ukuta ulio chini ya inchi 0.020, nusu milimita tu. Macho hayawezi kupima hilo. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuning'iniza mitutu kwa kidole na kuigonga kwa kijiti. Ikilia kama kengele, viungio vyake vimeshika. Ikitoa mlio mfu, ipeleke kwa fundi.

Uingereza huhitaji kibali kwa bunduki ya namba 12 hata ikiwa na miaka 130, kwa kuwa risasi zake bado zinauzwa. Sheria ya mwaka 1868 pia inafanya kuwa kosa kuuza bunduki ambayo jaribio lake limetanguka, mpaka ijaribiwe upya. Ikipasuka kwenye Nyumba ya Jaribio, hasara ni ya mwenye mali.

Basi kabla hujatoa fedha, omba vipimo vitatu kwa maandishi: kipenyo cha kila mtutu, unene wa ukuta mahali palipo pembamba kuliko pote, na urefu wa chemba. Muuzaji asiyetaka kuvitoa, mwachie bunduki yake.