Kuhesabu Kinyumenyume

Shuleni tuliziita siku za hatari. Mwalimu wa baiolojia alichora mduara ubaoni, akaugawa mara 28, kisha akapaka chaki nyekundu kipande cha katikati. Hapo, alisema, ndipo wasichana hupotelea. Tuliokuwa makini tulinakili. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza kufika miaka 31, akaolewa, akalipa kodi ya nyumba kwa wakati, halafu akaanza kuutafuta ule wekundu kama anayetafuta funguo gizani.

Mimi na mume wangu tunaingia mwezi wa tisa wa kutafuta mtoto wa kwanza. Simu yangu ina programu ambayo kila mwezi huniwekea kiua cha waridi kwenye tarehe fulani na kuniambia ndiyo hiyo. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kukitumia, nilitaka kujua: nani aliijua siku hiyo kwanza, na aliijuaje? Nilidhani jibu litakuwa la kale sana. Wamisri, labda, au matabibu wa Baghdad. Kumbe ni juzi tu. Kwa hesabu za familia yetu, shosho yangu alizaliwa kabla madaktari hawajakubaliana siku yenyewe ni ipi.

Kabla ya hapo walikuwa na jibu, tena walilitoa kwa sauti ya watu wasio na shaka. Soranus wa Efeso, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma karibu mwaka 100, aliandika kwamba wakati bora wa kushika mimba ni hedhi inapokaribia kuisha. Alikuwa mtu makini, na kitabu chake kuhusu magonjwa ya wanawake kiliheshimiwa kwa karne nyingi. Lakini alihesabu kutoka kwenye kitu alichokiona, na kilichoonekana kilikuwa damu. Hata Kiswahili kinafanya hivyo. Tunasema mwanamke yuko mwezini, au yuko kwenye siku zake, na kila mtu anaelewa ni siku zipi. Zile nyingine, ambazo ndizo huleta mtoto, hazina jina la nyumbani. Tulizokuta zimeandikwa ni za hatari na za salama, na hayo ni majina ya mtu anayekimbia.

Ajabu ni kwamba sayansi mpya ilipokuja haikulirekebisha kosa hilo. Ililikaza. Mbegu za kiume zilionekana chini ya hadubini mwaka 1677, pale Antonie van Leeuwenhoek wa Delft alipozitazama. Yai la mamalia lilisubiri mpaka 1827, Karl Ernst von Baer alipolipata ndani ya mbwa jike wa mwenzake wa chuo kikuu huko Königsberg. Miaka 150 nzima kati ya kumwona baba na kumwona mama! Katika miaka ya 1840 wataalamu wa Ulaya waliendelea kuwachunguza mbwa, na mbwa jike hutokwa na damu anapokaribia kuwa tayari kwa dume. Basi wakahitimisha kwamba mwanamke ni hivyo hivyo: yai hutoka wakati wa hedhi au karibu nayo, na katikati ya mwezi ni salama.

Hebu fikiria matokeo yake. Mwaka 1853 askofu wa Amiens, Ufaransa, aliiuliza Roma afanye nini na wanandoa wanaokutana tu katika siku ambazo madaktari wamesema hazina mimba. Akajibiwa asiwasumbue. Wanandoa hao waliokuwa wakikwepa mimba walikuwa wanakutana katikati ya mwezi, siku zenye mimba kuliko zote. Nao waliotaka mtoto, wakifuata ushauri huo huo, walikuwa wanajilaza pamoja siku ambazo yai halipo, mwezi baada ya mwezi, kisha mke anaitwa tasa. Hakuna rekodi ya wangapi waliachwa, au walioongezewa mke wa pili, kwa sababu daktari alimtazama mbwa.

Sasa njoo Niigata, mji wa bandari kwenye pwani ya magharibi ya Japani. Kyusaku Ogino alianza kazi ya daktari wa wanawake katika Hospitali ya Takeyama mwaka 1912. Hakuwa profesa wa chuo kikubwa. Alikuwa daktari wa upasuaji mwenye wagonjwa wengi, na miongoni mwao kulikuwa na wanawake waliotaka mtoto wasipate. Alipompasua mgonjwa kwa sababu nyingine yoyote, aliitazama ovari pia. Kama yai limeshatoka, huacha kovu la manjano, na umri wa kovu hilo unaweza kukadiriwa. Wenzake wa Ulaya walikuwa wakifanya uchunguzi kama huo, kisha wanamuuliza mgonjwa hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Majibu yalitawanyika kila mahali: siku ya 8, siku ya 14, siku ya 20. Hayakujenga kitu.

Ogino alifanya jambo dogo ambalo bado linanishangaza kwa urahisi wake. Alingoja hedhi iliyofuata, kisha akahesabu kurudi nyuma. Na hapo tarakimu zikakaa kwenye mstari: yai lilikuwa limetoka kati ya siku ya 16 na ya 12 kabla ya hedhi inayokuja. Kipande cha kwanza cha mwezi wa mwanamke kinaweza kurefuka au kufupika, kwa ugonjwa, kwa safari, kwa mawazo, au bila sababu yoyote. Kipande cha pili hakibadiliki sana. Wote walikuwa wameshika kamba upande usiofaa.

Aliyachapisha haya kwa Kijapani mwaka 1924, na kwa Kijerumani mwaka 1930. Katikati ya hapo Hermann Knaus, daktari wa Graz huko Austria, alikuwa amefika karibu mahali hapo hapo kwa njia yake mwenyewe, akianzia kwa sungura. Ndiyo sababu vitabu husema njia ya Ogino na Knaus.

Lakini tazama ubaya wa ugunduzi huo kwa mtu kama mimi. Siku yenyewe inajulikana ikishapita. Unaipata kwa uhakika pale tu hedhi inaporudi kukuambia kwamba mwezi huu pia hapana. Programu yangu ya simu, pamoja na kiua chake, haijawahi kuliona yai langu. Inakisia hedhi ijayo itaanza lini, halafu inarudi nyuma siku 14. Ni Ogino aliyevishwa nguo mpya, ila Ogino alingoja na simu haingoji.

Na sasa sehemu ya stori ambayo ningependa ifundishwe kabla ya ule mduara wa chaki. Ogino alitaka kuwasaidia watu wapate watoto. Dunia ilichukua hesabu yake ikaigeuza juu chini. Mwaka 1930 Johannes Smulders, daktari Mkatoliki wa Uholanzi, aliitumia kupanga siku za kukwepa mimba. Miaka miwili baadaye Leo Latz wa Chicago alichapisha kitabu kidogo cha kuwafundisha Wakatoliki wa Marekani jambo hilo hilo. Mwaka 1951 Papa Pius XII, akizungumza na wakunga wa Italia, aliikubali hadharani kwa wenye sababu nzito. Ogino alilalamika. Alisema hesabu hiyo haiaminiki kwa kukwepa, na alikuwa sahihi: watoto wengi walizaliwa kwa kuiamini. Alibaki Niigata akitibu wagonjwa, akafa mwaka 1975, na jina lake likabaki kwenye jambo alilolipinga.

Kwetu Kenya ilikuja ikiwa tayari imegeuzwa. Mwaka 1967 nchi hii ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi, wa kwanza kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto wanane, na serikali ilikuwa na sababu ya kuhangaika. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4. Ni kazi kubwa, na mimi ni matunda yake: nilisoma, nikafanya kazi, nikachagua lini. Sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba ilitupa msamiati wa upande mmoja. Ukiingia kliniki swali ni "Unatumia njia gani?" Ukijibu kwamba hutumii kwa sababu unataka, kalamu inasimama kidogo hewani. Tumesema "uzazi wa mpango" kwa zaidi ya miaka 50 bila kufikiria kwamba mpango unaweza kuwa wa kuzaa.

Si kwamba wazee wetu hawakuwa na mipango. Ukambani mwanamke asiye na mtoto aliweza kumwoa mwanamke mwingine, iweto, kwa kumlipia mahari, na watoto wa iweto wakawa watoto wa nyumba yake. Wakikuyu, Wanandi na Wakuria nao walikuwa na ndoa za namna hiyo. Lilikuwa jibu zuri kuliko mengi ya leo. Ila hata hapo aliyebeba swali alikuwa mke.

Hesabu nzuri zaidi ilikuja nikiwa mtoto mdogo. Huko North Carolina, Marekani, Allen Wilcox na wenzake waliwafuatilia wanawake 221 walioacha kinga ili wapate mimba, wakipima mkojo wao wa kila siku. Matokeo yakatoka mwaka 1995. Mimba zote zilitunga ndani ya siku sita, zinazoishia siku yai linapotoka. Kukutana siku tano kabla kulikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 10, na siku yenyewe takriban 33. Siku iliyofuata, hakuna. Maana yake mbegu inaweza kufika mapema ikakaa ikisubiri, lakini yai halisubiri mtu. Mwaka 2000 kundi hilo hilo likaonyesha kwamba ni takriban asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote sita zilikaa kati ya siku ya 10 na ya 17. Chaki nyekundu ya mwalimu, basi, ilikuwa ya wachache. Kwa sisi wengine, kukutana kila baada ya siku moja au mbili kuna faida kuliko kulivizia ua la waridi, na kunaacha nafasi ya kucheka kitandani. Kwa mwezi wa tano na wa sita hatukucheka hata kidogo.

Kuna hesabu moja tu niliyoikuta inayokwenda mbele. Ni ya kidonge.

Ukifika kliniki na mimba, umri wake utahesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku 280 mpaka kuzaa. Kanuni hiyo ina jina la Franz Naegele, mkunga-profesa wa Heidelberg wa karne ya 19. Damu tena! Kwa hiyo katika wiki mbili za kwanza za "ujauzito" mtu hana mimba. Na anapokosa siku zake akanunua kipimo, karatasi inasema wiki nne au tano. Wakati huo mtoto ameshaanza kujijenga uti wa mgongo. Mrija unaokuwa ubongo na uti huo hujifunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au haishi. Mwaka 1991 utafiti wa Uingereza uliofanyika katika nchi saba, kwa akina mama waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo, ulionyesha kwamba foliki asidi iliyoanzwa kabla ya mimba iliipunguza hatari hiyo kwa asilimia 72.

Njia ya kuijua dawa hiyo ilianzia Bombay, miaka ile ile ya Ogino. Lucy Wills, daktari Mwingereza, alifika huko mwaka 1928 kuchunguza upungufu wa damu uliowaua wajawazito, wakiwemo vibarua wa viwanda vya nguo. Aliwaponya kwa Marmite, ule mchuzi mweusi wa hamira ambao Waingereza hupaka kwenye mkate. Kilichokuwa ndani yake kilikuja kuitwa foliki asidi. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, uongezwe madini na vitamini, foliki asidi ikiwemo. Unga wa kusagisha kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hauna. Ugali wa pakiti hata hivyo hautoshi kwa anayetafuta: ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla. Kidonge chenyewe kiko kwenye duka lolote la dawa. Huu ndio utunzaji pekee ninaoujua unaoanza kabla ya kuwa na mtu wa kutunzwa.

Mama mkwe hajui habari za Ogino. Yeye huuliza kwa upole, "Mwanangu, kuna habari?" Huniuliza mimi, hamuulizi kijana wake, ingawa katika takriban nusu ya wanandoa wanaochelewa, sababu, au sehemu ya sababu, iko kwa mume. Simlaumu. Tangu Soranus swali limekuwa likiulizwa upande mmoja wa kitanda.

Mwongozo wa madaktari ni kujaribu mwaka mmoja, au miezi sita kama mke amepita miaka 35, halafu wapimwe wote wawili. Mume wangu amesema hangoji mwezi wa kumi na mbili. Kipimo chake ni chepesi kuliko changu, ila maabara inataka ajizuie siku mbili hadi saba kabla, kwa hiyo juzi tulikaa na kalenda mezani tukitafuta wiki isiyo na kazi. Tukahesabu kurudi nyuma kutoka hedhi yangu ijayo, akachagua Alhamisi.