Graviti

Graviti (pia: kani ya mvutano, kutoka neno la Kilatini gravitas, yaani "uzito") ni hali ya vitu vyote vyenye masi kuvutana. Ndiyo inayoangusha jiwe chini, na ndiyo inayoufanya Mwezi uizunguke Dunia na sayari zilizunguke Jua. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, nchini Tanzania, hutumika pia kutenganisha almasi na dhahabu na mchanga.

Nadharia

Aristoteli (karne ya 4 KK) alifundisha kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Galileo Galilei (1564–1642) alionyesha kwamba, hewa isipozuia, vyote huongeza kasi kwa kiwango kilekile.

Mwaka 1609 Johannes Kepler alitangaza kwamba njia za sayari zina umbo la duaradufu. Isaac Newton alieleza sababu yake mwaka 1687: vitu viwili huvutana kwa kani inayotegemea masi zao, na umbali ukiongezeka mara 2, kani hubaki robo. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia takriban mara 60 kuliko sisi tulio juu ya ardhi. Hivyo mvutano wa Dunia huko ni 1/3,600 ya ule wa hapa.

Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza graviti kuwa ni kupindika kwa nafasi na wakati. Nadharia yake ilifafanua badiliko dogo katika njia ya sayari Utaridi ambalo kanuni ya Newton haikulieleza.

Katika uchenjuaji wa madini

Ikiwa vitu vyote huanguka sawa, kwa nini dhahabu hutangulia kuzama kwenye karai? Sababu ni maji, ambayo husukuma juu kila kilichozama ndani yake. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya mchanga wa kwatzi gramu 2.65, ya maji gramu 1. Kwa hiyo ndani ya maji mchanga hupungukiwa na zaidi ya theluthi ya uzito wake, lakini dhahabu takriban 1/19 tu. Dhahabu hutulia chini, mchanga husombwa.

Wachimbaji wadogo wa Geita hufanya hivyo kwa karai au kwa mbao za mteremko zilizotandikwa kitambaa. Katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hutumika kimiminiko kizito kuliko maji: mawe mepesi huelea, almasi (gramu 3.5) huzama.

Punje za dhahabu zilizo laini sana husombwa pamoja na mchanga. Ili kuzikamata, wachimbaji wengi hutumia zebaki, ambayo mvuke wake hudhuru ubongo na mapafu. Mkataba wa Minamata wa 2013 unalenga kupunguza matumizi hayo. Mchanga ukichujwa vizuri kwanza kwa graviti, kiasi kinachobaki cha kutiwa zebaki huwa kidogo.