Miaka 62 ya Kuitafuta Ngano

Dada yangu alipoambiwa kwamba mwanawe ana seliaki, neno la kwanza kumtoka lilikuwa "chapati". Miaka miwili mtoto aliharisha, akakonda, tumbo likavimba. Na dada, ili mwanawe apate nguvu, alimkatia chapati kwa mkono wake.

Mimi nasoma historia, nikaenda kutafuta nani alijua kabla yake. Mwaka 1888 Samuel Gee, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu na kusema tiba, kama ipo, ni chakula. Chakula kipi, hakujua. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto ndizi, wakapata nafuu, akaisifu ndizi. Kumbe alikuwa amewaondolea mkate.

Uholanzi, Willem Dicke aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi, 1944 hadi 1945, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Maelfu walikufa. Lakini watoto wenye seliaki, mkate ulipoadimika, walipata nafuu; uliporudi, wakaugua tena. Tasnifu yake ya 1950 ilionyesha wazi: ni ngano.

Miaka 62, tena madaktari. Nilimwambia dada hivyo. Hakujibu.

Idi iliyopita alipika mkate wa kumimina, mchele na nazi. Mchele aliusaga nyumbani, maana mashine ya mtaani husaga na ngano. Tulikula sote sinia moja. Mtoto akaomba kipande cha pili, dada akamkatia.