Gobore, viasi na bombomu: hesabu ya risasi pwani ya Kusini

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Leo tutazame nguvu hiyo hutoka wapi, maana si kila mara hutoka katika misuli au ushujaa wa mtu.

Vijana wa mijini hupenda kubishana kuhusu bastola wanazoziona katika filamu. Jambo wanalolisifu zaidi ni wingi wa risasi. Bastola ya Colt ya mwaka 1911 ilibeba risasi 7 katika magazini yake, zikiwa zimepangwa mstari mmoja. Baadaye mafundi wakazipanga safu mbili zinazopishana, mithili ya matofali ukutani. Kitako kikanenepa kidogo tu, lakini risasi zikawa karibu maradufu. Browning ya mwaka 1935 ilibeba 13, na Glock 17 ya mwaka 1982 ikabeba 17.

Lakini swali la risasi ngapi mtu anaweza kupiga kabla ya kujaza tena si geni kwetu. Wazee wa pwani ya Kusini, kuanzia Kilwa, Mchinga na Lindi hadi Mikindani, walilijibu kwa damu yao.

Katika karne ya 19 bunduki ziliingia pwani hii kwa wingi. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha, na zile kuukuu zikauzwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa za gumegume au za fataki, yaani magobore. Mwenye gobore humimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha akalenga. Hata askari aliyefunzwa vizuri hakupiga zaidi ya mara mbili au tatu kwa dakika, na kila mlio ulitoa moshi uliomwonyesha adui mahali alipo.

Silaha hizo hazikuwa mchezo. Mwezi Septemba 1888 watu wa pwani walipokataa kutawaliwa na kampuni ya Wajerumani, maofisa wawili wa kampuni hiyo waliuawa Kilwa Kivinje, na wenzao wa Lindi na Mikindani wakakimbia. Ilibidi Wissmann aje na jeshi na manowari, na hakuirudisha miji hiyo ya kusini hadi Mei 1890.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Julai, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo unakumbukwa kwa kupiga vita biashara ya utumwa, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ndani yake mlikuwamo pia vifungu vya silaha. Kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilipigwa marufuku kuuzwa kwa wenyeji. Kilichoweza kuruhusiwa, tena kwa kibali cha serikali, ni bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika alibakiziwa gobore huku mtawala akiendelea mbele.

Na kweli mtawala aliendelea. Mwaka 1884 Mfaransa Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi mwingi. Miaka hiyohiyo Hiram Maxim aliunda mzinga uliojijaza wenyewe na kupiga risasi zipatazo 600 kwa dakika. Huu ndio wazee wetu waliouita bombomu. Mwaka 1898 Wajerumani wakaunda bunduki ya Mauser yenye risasi 5 tumboni, nazo zimepangwa safu mbili za kupishana, ule ule ujanja unaosifiwa leo katika bastola.

Hassan bin Omari Makunganya aliyewasumbua Wajerumani eneo la Kilwa alinyongwa mwaka 1895, na Mwembe Kinyonga wa Kilwa Kivinje unakumbukwa kwa kazi hiyo. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, wakang'oa pamba ya serikali, na Vita vya Majimaji vikaanza. Mwezi Agosti boma la Liwale likachomwa. Lakini tarehe 30 ya mwezi huo, huko Mahenge, wapiganaji walikutana na bombomu.

Wapo wanaowacheka wazee wale kwa kuamini kuwa dawa itageuza risasi kuwa maji. Tuache kejeli hiyo. Dawa ya Kinjikitile iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro na Wangoni, jambo ambalo hakuna mtemi aliyeliweza. Tena tufikiri kivita. Mbele ya gobore, kuvumilia mlio wa kwanza na kumvamia adui anaposhindilia ni akili, wala si wazimu. Mbele ya bombomu nafasi hiyo haikuwapo. Serikali ya Kijerumani ilihesabu Waafrika 75,000 waliokufa. Wanahistoria wengine hufikisha 250,000 au zaidi, wengi wao kwa njaa iliyotokana na kuchomwa mashamba na maghala.

Hata askari weusi wa Mjerumani hawakuaminiwa sana. Vita vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, wengi wao bado walishika bunduki za viasi za mwaka 1871, risasi moja moja na moshi tele. Bunduki mpya zilipohitajika kuwaua wazungu wenzake, marufuku ikasahaulika. Machi 1916 meli Marie ilishusha silaha za kisasa katika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi. Oktoba 1917, huko Mahiwa, maelfu waliuawa au kujeruhiwa katika siku nne, wengi wao Waafrika walioletwa kupigana pande zote mbili.

Leo tunajitungia sheria zetu wenyewe. Itifaki ya Nairobi ilitiwa saini mwaka 2004, na sheria yetu ya silaha ni ya mwaka 2015. Tofauti na ile ya Brussels, shabaha yake ni kumlinda raia. Basi tuiheshimu, maana bastola ya risasi 17 inayopenyezwa mjini humnufaisha muuzaji aliye mbali, na anayezika ni jirani yetu.

Na ukipita Mchinga ukielekea Kilwa, waambie wanao ukweli. Wazee wale hawakushindwa kwa ujinga wala kwa woga. Walishindwa kwa hesabu ya risasi, na hesabu hiyo ilikuwa imepangwa Ulaya kabla wao hawajafika uwanjani.